Mapichi Yasiyo na Doa

Kawasaki, 28 Mei

Dada Sumie,

Natumaini barua hii itakukuta goti limetulia na mvua bado hazijaanza huko Akaiwa. Huku rasharasha zimeshaanza, nguo hazikauki, na Haruhiko analalamika kwamba soksi zake zinanuka kama mbwa aliyelowa. Zaidi ya hayo mume wangu hajambo. Asubuhi anatembea hadi mtoni na kurudi, anawasalimu wazee wa huko (yeye mwenyewe hajihesabu miongoni mwao), kisha anasoma gazeti mpaka nimfukuze mezani. Mwanao Yoshiharu anaendeleaje na kazi huko Nagoya? Mkewe alinipigia simu Machi, akaniambia kijana wao sasa anagonga kichwa kwenye mlango wa jiko. Wasalimu wote.

Jana nilikwenda dukani kununua maziwa nikamkuta jirani yetu, Bibi Hotta, amesimama mbele ya rafu ya matunda, mikono nyuma, kama mtu aliyekwenda kutazama picha za makumbusho. Cheri zilikuwa zimepangwa kwenye kiboksi mstari kwa mstari, kama vito vya sonara. Nikamwuliza anachagua nini. "Naangalia tu," akasema. "Kuangalia bado ni bure." Kisha akachukua ndizi, nami nikachukua ndizi. Sisi sote huku tunanunua ndizi. Tofaa Bibi Hotta hununua moja, akalikata vipande vinne, likamtosha siku mbili. Ninyi wa shambani hamwezi kuyajua haya.

Sasa neno langu. Dada, mwaka huu usitume mapichi. Tuko wawili tu, sanduku ni kubwa, yote yanaiva kwa mpigo mmoja, nami nachukia kutupa kitu. Usikasirike. Nakuomba tu.

Mdogo wako,
Fumiyo

Akaiwa, 24 Juni

Mdogo wangu Fumiyo,

Barua yako ilifika zamani. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya goti, halafu kwa sababu ya mfereji wa nyuma ya nyumba uliozibwa na matope, na halafu kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Sasa mfereji umezibuka. Yoshiharu na wenzake wazima. Kijana wao si mrefu kiasi hicho; mkwe wangu yule hupenda kuongeza chumvi. Kliniki wananichoma sindano ya goti kila wiki, nami kila wiki nawaambia hainisaidii, na kila wiki narudi.

Unaniambia mapichi yanawaozea. Fumiyo, ulipoolewa, mume wangu marehemu Tadao alilibeba sanduku la kwanza yeye mwenyewe kwenye treni, akalipakata kama mtoto mchanga mpaka Kawasaki, hakwenda hata chooni. Tangu hapo hakuna Julai iliyopita bila sanduku. Leo yanaoza? Kama mmechoka na vitu vya shamba, semeni mmechoka. Na kama kinachokusumbua ni ile zawadi ya kurudisha fadhila, nani alikuomba? Hayo madebe ya mwani mkavu unayonitumia kila Agosti, ninayo kabatini yamepangana, sijayafungua. Mimi mtu mmoja nitakula mwani gani wote huo?

Nitatuma. Usipotaka kula, mpe paka wa jirani.

Huku kazi ni zilezile za kila mwaka. Msalimu Haruhiko, mwambie aoshe miguu.

Dada yako,
Sumie

Kawasaki, 30 Julai

Dada Sumie,

Salamu kutoka ndani ya joto. Feni inazunguka usiku kucha na bado tunaamka tumelowa. Haruhiko anakusalimu, anasema miguu ameosha.

Sanduku lilifika juzi asubuhi. Mtu wa mizigo alilishika kwa mikono miwili akaniambia nisilipindue, kana kwamba mimi sikuzaliwa katikati ya mapichi. Nilipolifungua harufu ilijaa nyumba nzima. Kila moja lilikuwa kwenye soksi yake ya sponji, jeupe, lina wekundu kidogo shavuni, halina hata alama ya ukucha. Bibi Hotta nimempa matatu. Alitaka kukataa, akasema ni kitu kikubwa mno, atarudisha nini. Nikamwachia mlangoni nikakimbia. Mengine nimewapelekea watu wa ghorofa ya chini, wana watoto. Mimi nimekula moja nimesimama kwenye sinki, maji yakinichuruzika mpaka kiwikoni, kama mama alivyotuzoeza. Haruhiko amefurahi sana. Ahsante, dada.

Bibi Hotta ameniomba anwani yako ili akushukuru mwenyewe. Nimempa.

Ile miti ya karibu na kisima, aliyopanda baba mwishoni mwishoni, bado inazaa vizuri? Sikumbuki mara ya mwisho uliponitajia.

Safari hii nimekutumia majani ya chai, siyo mwani.

Fumiyo

Akaiwa, 17 Agosti

Mdogo wangu,

Chai imefika, ni nzuri, naona umetumia hela. Sikukuu ya wafu imepita; wafu wetu tumewapokea nyumbani na kuwaaga salama. Yoshiharu alikuja na familia yake, wakaosha kaburi, wakala tikitimaji, wakaondoka mapema kukwepa foleni ya magari. Nyumba ikarudi kimya kama ilivyokuwa. Nimemweleza Tadao habari zenu, kwamba hamjambo.

Halafu ikaja kadi ya Bibi Hotta wenu. Mwandiko mzuri sana, wa mtu aliyefundishwa enzi za viboko. Ananishukuru kwa mapichi, anasema alikula na binti yake wakanyamaza mpaka yakaisha. Kisha mwishoni ameandika hivi: anasikitika kwamba bwana wa nyumba jirani, ambaye ni shemeji yangu, haruhusiwi tena kuonja hata kipande, na kwamba ni uvumilivu mkubwa kwa watu kama hao kukaa na sanduku zuri namna ile.

Nimeisoma kadi ile asubuhi, nikaisoma jioni. Fumiyo, Haruhiko ana nini? Umeniandikia "amefurahi sana". Amefurahia nini? Usinijibu kwamba hajambo.

Habari za miti tutazungumza siku nyingine.

Sumie

Kawasaki, 11 Septemba

Dada Sumie,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena. Joto limeanza kulegea, usiku wadudu wanalia bustanini, na leo nimepata nafasi ya kukaa peke yangu.

Basi ni hivi. Figo za Haruhiko zimekufa. Ilianza Februari ya mwaka jana, miguu ikavimba, tukadhani ni uzee. Sasa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anakwenda kulala kwenye mashine ya kusafisha damu tangu asubuhi mpaka mchana unapita. Anarudi kama nguo iliyokamuliwa. Siku zinazobaki ni mzima, na mtoni anatembea kweli, hilo sikukudanganya. Lakini chakula kimekuwa sheria. Mboga zichemshwe na maji yake yamwagwe. Matunda mabichi hapana, kwa sababu kuna madini ndani yake ambayo figo nzima huyatoa, na yakizidi mwilini moyo unasimama. Daktari alisema hivyohivyo, moyo unasimama, huku akichezea kalamu.

Nawe unamjua mtu huyu. Mshahara wa fundi wa treni haukuwahi kununua mapichi ya dukani. Mwaka mzima tulikula ndizi, na machenza wakati wa baridi, na siku nyingine kitu kilichopunguzwa bei jioni kwa kuwa kimeanza kulainika. Lakini Julai tulikuwa matajiri. Haruhiko alikuwa akikaa sakafuni na sanduku lako, ametandika gazeti, anakula mpaka anapumua kwa shida. Alisema bosi wake hawezi kula hivyo.

Alipokatazwa, nami nikaacha kununua. Siwezi kumenya tunda mbele ya mtu anayetazama ukutani. Nikizidiwa na hamu nanunua ndizi moja, naila jikoni, nimefunga mlango. Sanduku la mwaka jana nililigawa lote kabla hajarudi kutoka hospitali, nikafungua madirisha. Alipoingia alisimama mlangoni, akasema, "Sumie ametuma." Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama nimekula. Nikasema sikula. "Sasa mimi nakufa njaa kwa faida ya nani?" akasema, akaenda kuoga.

Mwaka huu lile moja nililokula, niliona nimeficha kokwa vizuri kwenye taka. Kesho yake nilipofua shati lake, kokwa lilikuwa mfukoni, limeoshwa, limekauka. Sikumwuliza. Nililirudisha kwenye shati jingine.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kukuomba usitume. Ni sababu ya kwanza. Ya pili ni wewe.

Dada, mimi na wewe tumelelewa kwa mapichi mabovu. Mazima yalikuwa ya soko, hatukuruhusiwa hata kuyashika. Na sanduku lako, miaka yote, lilikuwa la hayohayo yetu: moja limechubuliwa na tawi, moja lina ufa, moja lina shavu moja kubwa kama mtu mwenye jino bovu. Nilikuwa nayatambua kama sura za ndugu. Mwaka jana na mwaka huu hayana doa hata moja. Mapema mwezi uliopita nilikwenda Yokohama, nikashuka kule chini wanakouza vyakula kwenye duka kubwa la karibu na stesheni. Nikaliona sanduku lilelile, na soksi zilezile za sponji. Yeni elfu kumi na mbili. Nikaenda kukaa kwenye benchi la wazee.

Pensheni ya mjane wa mkulima naijua. Miti iko wapi?

Fumiyo

Akaiwa, 20 Oktoba

Mdogo wangu Fumiyo,

Kumekuwa na baridi ya ghafla huku. Jirani alikuwa na mti wa matunda ya kaki yaliyoiva vizuri, nyani wakaja wakala yote kabla yake, naye akasimama anawapigia sufuria. Mpe Haruhiko pole. Hapana, usimpe, nitampa mwenyewe.

Miti haipo. Ilikatwa majira ya baridi ya mwaka juzi.

Baada ya msiba wa Tadao nilijaribu mwaka mmoja. Unakumbuka kazi ile, kupanda ngazi na kuvisha kila tunda mfuko wake, moja baada ya jingine, mlima mzima. Kwa goti hili nilivisha nusu. Nusu iliyobaki wadudu waliingia, wakazaana, wakavuka kwenda shamba la pili. Mwenye shamba hilo alikuja kuniambia kwa adabu, amebeba keki. Afadhali angenitukana. Yoshiharu akanipigia simu akasema, "Mama, kata." Nikakata. Walikuja watu na misumeno ya moto, na kufika saa ya chakula mlima ulikuwa mtupu, unaona mpaka barabara. Ya kisimani waliiacha mwisho. Niliwaandalia chai, nikaingia ndani, nikaongeza sauti ya redio.

Lilikuwa shamba la baba. Lilikuwa lako kama lilivyokuwa langu, ila wewe uliolewa mbali. Ningekuandikia nini? Kwamba nimefyeka cha baba bila hata kukuuliza? Nikasema nitakuambia mwaka mpya. Mwaka mpya ukapita. Julai ikafika, nikaenda kwa Kanzaki, yule mwenye duka la matunda karibu na stesheni, aliyekuwa akija uani kwetu kubishana bei na Tadao mpaka chai inapoa. Nikamwambia nataka sanduku la kwenda Kawasaki. Akanitazama.

"Bibi Moriyasu ananunua mapichi?"

"Nanunua."

Akaniuliza ya daraja gani. Nilitaka kusema yenye doa, lakini yenye doa hayauzwi mahali kama pale. Nikasema ya juu. Akayafunga vizuri, hakunipunguzia hata yeni moja, na nilipotoka aliniinamia mpaka kiunoni. Sijui ilikuwa heshima au ilikuwa aibu. Lakini nilipoandika jina langu pale penye mtumaji, Akaiwa, Moriyasu, mkono ulikuwa mwepesi. Kwa muda ule mdogo tulikuwa bado tuna shamba. Mwaka huu nikarudia. Baada ya hapo nilikula wali na mboga za chumvi mpaka vuli. Usinihurumie, mboga za chumvi nazipenda.

Nina neno jingine. Nimemwuliza nesi wa kliniki habari za figo. Anasema wagonjwa wengine wa mashine huruhusiwa mapichi ya kopo, ukimwaga maji yake yote, kipande kimoja au viwili. Unajua imenigharimu nini kuandika neno hilo. Baba alikuwa akisema mapichi ya kopo ni maiti zilizofia safarini. Tadao hakuwahi kuruhusu kopo livuke kizingiti hiki. Hata hivyo, uliza hospitali. Usiogope kuuliza.

Dada yako,
Sumie

Kawasaki, 2 Novemba

Dada Sumie,

Barua yako niliisomea kwenye treni, nikapitiliza stesheni ya kushuka, nikarudi, nikapitiliza tena. Haruhiko hajambo kwa kiasi chake. Bibi Hotta anajilaumu kwa ile kadi. Nimempelekea keki ya chestinati kumtuliza.

Shamba lilibebwa na mgongo wako. Mimi nilikuwa mtu wa kuja kula. Tangu nimeolewa sijawahi kuvisha tunda hata mfuko mmoja, kwa hiyo kukata ilikuwa haki yako, wala hukuhitaji kuniuliza. Ila ungeniambia ningekuja nikakaa nawe ndani, tukasikiliza redio.

Sasa hilo la kopo. Dada, najua. Mtaalamu wa chakula wa hospitali aliniambia tangu mwaka jana, akanipa karatasi yenye kipimo, iko kwenye mlango wa friji. Dukani kwetu kopo moja halifiki hata yeni mia mbili, ni rahisi kuliko tofaa moja. Nimelishika mara nyingi, nikalirudisha kwenye rafu. Nilijiuliza nitafunguaje mapichi ya kopo katika nyumba ambayo sanduku lako linaingia. Niliona kama nawatukana wewe na baba na Tadao kwa pamoja. Kwa hiyo mume wangu amekaa muda wote huu bila pichi kwa heshima ya shamba ambalo halipo.

Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikakata vitunguu ili Haruhiko asiniulize.

Njoo. Kabla baridi haijakomaa, njoo ukae wiki nzima. Nitakupokea stesheni, hutapanda ngazi hata moja, nimeshauliza lifti ziko wapi. Na uje mikono mitupu.

Fumiyo

Akaiwa, 4 Desemba

Mdogo wangu Fumiyo,

Nimefika salama. Treni ilikuwa na joto kama bafu, nililala mpaka karibu na Okayama, na mtu wa pembeni yangu akaniamsha kwa kikohozi cha uongo. Nyumba ilikuwa baridi ya kutisha. Nimewasha hita, nimewasha ubani kwa Tadao, nimemweleza yote. Ahsante kwa wiki ile. Sijalala usingizi namna hiyo tangu msiba, ingawa godoro lenu ni gumu.

Nina jambo la kukuungamia. Siku ile ulipokwenda posta ukakawia kwenye foleni, hatukuwa tukitazama mieleka kama tulivyokuambia. Nilitoa kopo kwenye mkoba wangu. Nililinunua huku, kwenye duka la mbali ambako hawanijui, nikiwa nimevaa barakoa. Nikaliweka mezani. Haruhiko akalitazama kopo, akanitazama mimi.

"Shemeji," akasema, "Tadao atakuja kunitokea usingizini."

Nikamwambia ataanza na mimi. Nikasoma ile karatasi yako ya kwenye friji, nikamwaga maji yote, nikavikausha vipande kwa karatasi laini kama mtu anayemkausha mtoto, nikamwekea viwili sahanini. Alikula polepole mno. Nilidhani atanisifu kwa adabu tu. Akaweka uma chini.

"Haya si ya kwenu."

"Si ya kwetu," nikamjibu. "Kwetu hakuna tena."

Sikuwa nimewahi kuyasema kwa mdomo, hata kwa Yoshiharu. Kwenye barua kwako niliandika tu. Haruhiko hakunipa pole. Alitazama televisheni kidogo, kisha akasukuma sahani upande wangu.

"Basi tuko sawa, shemeji. Wewe huna miti, mimi sina figo. Hicho kilichobaki ni chako."

Nikakila. Ni kitamu, Fumiyo. Utamu wa kijinga, wa sukari tupu, lakini ni kitamu. Kopo tulilificha chini ya magazeti, nakuambia ili usilikute ukashtuka.

Alisema na jambo jingine, akaniomba nisikuambie, nami nakuambia. Alisema kukosa matunda amekwisha kuzoea. Anachoshindwa kuzoea ni kusikia mkewe akifungua bomba la sinki ili asisikike akitafuna.

Goti halijambo.

Sumie

Kawasaki, 20 Desemba

Dada Sumie,

Leo mto ulikuwa na ukungu na Haruhiko amerudi pua nyekundu. Kopo nililiona siku ileile uliyoondoka. Mume wangu alilitia kwenye mfuko wa taka za kuchoma, ambamo makopo hayaruhusiwi, na mkusanya taka akaturudishia mfuko wetu mlangoni, na kibandiko cha onyo, Bibi Hotta akiona. Mnaficha vitu kama watoto wa chekechea.

Barua yako niliiweka chini ya mto wa kulalia siku kadhaa. Sikujua nimwambie nini Haruhiko. Nisingeweza kumwambia najua bila kukusaliti, ingawa wewe mwenyewe umeshamsaliti.

Jana nilikwenda dukani nikanunua machenza. Mfuko mzima. Mwaka huu yamepanda bei, jua la kiangazi liliyaunguza, na Bibi Hotta alinitazama kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Nikayamimina kwenye bakuli, nikaliweka katikati ya meza, mahali penye gazeti lake. Baada ya hapo nikaishiwa ujasiri. Nikaenda kuanika nguo, nikazianika taratibu, hata zile zilizokwisha kukauka.

Niliporudi Haruhiko alikuwa ameshamenya moja. Nikakimbilia mezani. Lakini midomo yake ilikuwa mikavu. Alikuwa akiondoa zile nyuzi nyeupe, moja moja, kwa vidole vile vya fundi, mpaka chenza likabaki uchi. Akaliweka kwenye kiganja changu.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Ulile hapa hapa. Polepole. Halafu uniambie."

Nikala kipande cha kwanza, nikamwambia kina ukali kidogo, ukali wa mwanzo wa msimu. Akaitikia kwa kichwa. Cha pili kilikuwa kitamu zaidi, nikamwambia. Akauliza kama maji ni mengi. Nikasema ni mengi, yananijaa mdomoni. Akauliza ngozi ya kipande ni ngumu au laini. Nikamwambia laini. Alikuwa ananisikiliza kama mtu aliye ugenini anayepewa habari za kwao, hataki kupitwa na hata moja. Tuliendelea hivyo, mimi nikila na yeye akiuliza, mpaka likaisha.

Kisha akachukua la pili, akaanza kumenya.

Mdogo wako,
Fumiyo